Helmeti ndogo ya Iowa Barnstormers: mzigo uko poa, ila karatasi ya historia mmh

Mzigo umefika salama, boksi halijabonyea popote. Ni ile helmeti ya saizi ndogo ya kuweka kabatini, siyo ya kuvaa, msije mkaagiza mkidhani mtoto ataenda nayo uwanjani. Kwa wasioijua, Barnstormers ni timu ya Des Moines, jimbo la Iowa huko Marekani, inayocheza mpira wa Kimarekani wa ukumbini, na kwa macho yangu hakuna timu yenye helmeti kali kuliko yao, wamechora miwani mikubwa ya marubani wa zamani pale mbele yaani ni kama inakukodolea. Sasa kwenye hii yangu stika ya kushoto imekaa juu kidogo kuliko ya kulia, rubani anaonekana kakonyeza. Ile kinga ya usoni ni plastiki iliyopakwa rangi ya chuma, ukiigusa tu unajua. Rangi yenyewe lakini imetulia, haichubuki hata ukiikwaruza na kucha, hapo nawapa heko.

Kilichoniboa ni ile karatasi ya "historia ya timu" ambayo wauzaji wameiweka ndani, eti Kurt Warner aliipa Barnstormers ubingwa. Ubingwa gani jamani? Warner aliachwa na Green Bay Packers (timu ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani) 1994, akaenda kupanga bidhaa kwenye supamaketi ya Hy-Vee kwa dola 5.50 kwa saa, halafu 1995 timu ndo inaanza akawa kwotabeki wao, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Fainali aliwafikisha, tena mbili mfululizo, na zote wakapigwa! 1996 walifungwa na Tampa Bay Storm 42-38 pale pale nyumbani Des Moines, mwaka uliofuata Arizona Rattlers wakawapa 55-33. Baada ya hapo jamaa akaenda St. Louis Rams ya NFL, na Januari 2000 akabeba Super Bowl, ndo fainali ya NFL, na uchezaji bora wa mechi juu. Sasa stori tamu hivi unaiongezea chumvi ya nini?

Halafu Jim Foster hawajamtaja kabisa, wakati huyo ndo mwanzilishi wa timu na ndo aliyebuni mchezo wenyewe. Alikuwa anaangalia soka la ukumbini Madison Square Garden 1981, wazo likamjia akachora uwanja juu ya bahasha. Yadi 50 badala ya 100 za uwanja wa kawaida, wachezaji 8 kila upande, kuta zimewekewa magodoro pembeni kwa hiyo mtu akisukumwa anabamizwa ukutani, na ligi ikaanza 1987 na timu 4. Kwenye karatasi hata mstari mmoja hamna, ila nafasi ya kujitangaza wenyewe nusu ukurasa wameipata.

Na wameandika kana kwamba timu imekuwepo tu mfululizo tangu 1995, wapi. 2001 timu ile ilihamishiwa New York ikaitwa Dragons, Des Moines wakabaki na jina kwenye ligi ya chini, nalo likafa, likarudi 2008. Ligi kubwa ya ukumbini wakaingia tena 2010, 2015 wakahamia Indoor Football League, ligi nyingine ya ukumbini, na huko ndo ubingwa ukapatikana, 2018, wakiwafunga Sioux Falls Storm. Yaani kombe la kweli lipo, wao wameliruka wakaandika la uongo.

Nawapa nyota 3. Kama unaipenda timu agiza tu, hela haijapotea, ila waambie kabla hawajatuma wakupigie picha ya helmeti kwa mbele uangalie stika zimekaa sawa, ya pembeni haionyeshi kitu. Karatasi nimewaandikia warekebishe, wamenijibu "asante mteja wetu" na kuponi ya punguzo.