Metallica: ununue albamu ipi kwanza? Nimezipanga kwa besi

Mwezi uliopita nililipa shilingi 6,800 kwa santuri mbili za ...And Justice for All, albamu ya Metallica, bendi ya metali ya Marekani, toleo la 2018, kwa sababu muuzaji aliandika kwenye tangazo lake kwamba "besi sasa inasikika". Mzigo ulichukua wiki tatu kufika Mombasa. Nilipoufungua nilimwita mjomba wangu aje tusikilize pamoja, maana yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Amepiga gitaa la besi kwenye bendi za hoteli hapa pwani tangu mimi sijazaliwa. Alisikiliza upande wa kwanza wote kimya, kiganja kakiweka juu ya spika kama mtu anayempima mtoto homa. Sindano ilipofika mwisho akaniuliza, "Mwanangu, mpiga besi yuko wapi?"

Mpiga besi ni Jason Newsted, na amezikwa humo ndani. Aliingia Metallica baada ya Cliff Burton, mpiga besi aliyemtangulia, kufariki katika ajali ya basi kule Sweden tarehe 27 Septemba 1986, akiwa na miaka 24. Newsted alirekodi besi yake kwenye albamu hiyo mwaka 1988 mjini Los Angeles, na Flemming Rasmussen, prodyuza wa albamu, amesema kwamba alichopiga kilikuwa kizuri kabisa. Steve Thompson, mmoja wa wawili waliochanganya sauti, ameeleza waziwazi kwamba aliagizwa na bendi yenyewe aishushe besi, kisha aishushe tena. Basi miaka yote hii tunasikia magitaa na ngoma, na katikati pana shimo.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo pesa zetu zinapopotelea. Rimasta si rimiksi. Rimiksi ni kurudi kwenye mikanda ya awali, kila ala na njia yake, ukachanganya upya. Rimasta ni kuchukua mchanganyo uliokwisha kamilika na kuupangusa: kuongeza mwanga hapa, kupunguza ukali pale. Pilau ikishaiva unaweza kuikamulia ndimu, lakini nyama uliyosahau kuitia huitoi sufuriani kwa ndimu. Toleo la 2018 ni rimasta. Bendi yenyewe imesema haitaki kuigeuza historia yake, na toleo hilo linatimiza hilo. Aliyeniambia besi imerudi alikuwa hajasikiliza, au alisikiliza akaamua kuniuzia hivyohivyo.

Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kitu kimoja. Majalada, solo za mpiga gitaa Kirk Hammett, albamu ipi iliuza zaidi, hayo mashabiki wanayabishania kila siku na wataendelea. Mimi naangalia kama besi inasikika, na kama inafanya kazi au imewekwa kujaza nafasi. Wanaoniambia besi si tatizo, nawaomba waniambie kwanza wanasikilizia nini. Waya mnene wa besi, ule wa mi, unatetemeka mara 41 kwa sekunde; waya mnene wa gitaa la kawaida mara 82. Spika ya simu haifiki huko chini hata kidogo. Kwenye simu albamu zote za Metallica hazina besi, kwa hiyo Justice haionekani kuwa na kasoro. Tafuta spika za sebuleni au hedifoni za kuziba masikio, ndipo tuzungumze.

Nambari moja kwangu ni Ride the Lightning, ya 1984. Najua wengi wataguna, maana mazoea ni kuanza na Master of Puppets. Lakini chukua mwanzo wa For Whom the Bell Tolls, baada ya kengele. Ile sauti inayokwaruza na kupanda juu, ambayo watu wengi hudhani ni gitaa, ni besi ya Burton iliyopitishwa kwenye distoshen. Nilimwekea mjomba bila kumwambia kitu. Kidole chake cha shahada na cha kati vilianza kutembea juu ya goti kabla ngoma hazijaingia vizuri. Mikono yake iliijua besi kabla masikio hayajaamua. Albamu hii ilirekodiwa Copenhagen, studio ya Sweet Silence, na Rasmussen huyohuyo, na kila ala ina chumba chake. Ni dakika 47 tu, humalizi ukiwa umechoka. Nunua rimasta ya 2016.

Nambari mbili ni Master of Puppets, 1986, studio ileile. Ndiyo albamu ya kwanza ya metali kuingizwa kwenye hazina ya rekodi za taifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na inastahili. Nyimbo ni bora kuliko za Ride, nakiri. Ila magitaa ya James Hetfield hapa yamerundikwa mazito kiasi kwamba kwenye nyimbo za kasi Burton unamhisi kuliko kumsikia. Anakuja kulipwa haki yake kwenye Orion, wimbo usio na maneno, pale katikati kila kitu kinapotulia na besi inabaki yenyewe ikitembea polepole. Hapo uzime taa. Kama nyumba yako ina albamu moja tu ya metali na ni hii, sina ugomvi nawe.

Ya tatu ndiyo inayoleta vita: ile nyeusi ya 1991, inayoitwa Metallica tu. Wakongwe husema hapo ndipo bendi ilipouza roho. Mimi nasema hapo ndipo Newsted alipopewa kazi. Prodyuza Bob Rock aliwalazimisha kupiga pamoja chumba kimoja, na besi ikashuka mahali pake, chini ya gitaa, badala ya kulifuata noti kwa noti. Hilo la kufuata lilikuwa sehemu ya tatizo la Justice: besi ikipiga kilekile anachopiga Hetfield, kwa sauti ileile, ukiishusha kidogo tu inamezwa. Kwenye Sad But True wameshusha nyuzi zote toni nzima, ule mnene hadi re, na sakafu yangu inatetemeka. Kwa Marekani peke yake albamu hii imevuka nakala milioni 16, kwa hiyo usikubali mtu akuambie ni adimu ndipo akupandishie bei. Si adimu. Ipo kila mahali.

Na hapa niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa Blackened. Hiyo ni lebo ya Metallica wenyewe, waliyoianzisha 2012 walipopata umiliki wa mikanda yao. Santuri zake za rimasta, za gramu 180, ndizo ninazonunua na ndizo ninazopendekeza, hata hiyo Justice iliyonichoma: ilichapwa vizuri, haina mikwaruzo, haina kelele kati ya nyimbo. Mwaka 2023 bendi ilinunua hisa nyingi za Furnace, kiwanda cha kuchapa santuri kule Virginia. Mtu anayenunua kiwanda ili santuri zake zitoke sawasawa namheshimu. Kosa lililoniumiza ni la muuzaji.

Huyo muuzaji nilimwandikia siku ileile. Akajibu kwamba bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi. Nitaisikiaje bila kuifungua? Juu ya bei kuna usafirishaji, kuna VAT ya asilimia 16, na bado mtu anakuandikia kwenye tangazo jambo ambalo si kweli, halafu analindwa na nailoni ya plastiki. Wauzaji wa mitumba nao wana lao: "haijaguswa", unaletewa sahani yenye alama za vidole na mkwaruzo unaokata wimbo wa kwanza kila mzunguko. Omba picha ya sahani ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga wa dirisha, siyo picha ya jalada. Asiyetaka kupiga picha hiyo, usimtumie pesa.

Load, 1996, naiweka ya nne na sitaomba radhi. Walikata nywele, mashabiki wakakasirika, wakaacha kusikiliza. Nyuzi zimeshushwa nusu toni, besi ni nene na ya mviringo, na Newsted anapumua kuliko kwenye albamu nyingine yoyote. Ni ndefu mno, karibu dakika 79, na nusu saa ingeweza kukatwa. Kill 'Em All ya 1983 inafuata: ina solo nzima ya besi ya Burton, lakini kwingineko sauti ni nyembamba, ya bendi changa isiyo na pesa. Albamu za Hardwired na 72 Seasons zina Robert Trujillo kwenye besi na zimechanganywa kwa adabu. Nunua ukishamaliza zile za juu.

Death Magnetic ya 2008 usiinunue kwenye CD. Imebanwa sauti hadi inapasuka, na mafundi wa mchezo wa video wa Guitar Hero waliopewa nyimbo zilezile kabla ya kubanwa waliishia kuwa na toleo safi kuliko la dukani. Maelfu ya mashabiki walitia saini malalamiko. St. Anger ya 2003 ina ngoma inayolia kama sufuria tupu, na besi humo alipiga Bob Rock, kwa kuwa Newsted alikuwa ameshaondoka.

Ukiwa na pesa kidogo, CD za mitumba za Ride na Master zinatosha.

Justice ndiyo ya mwisho, na inaniuma kuiandika hapo, kwa sababu One ndio wimbo ulioniingiza kwenye muziki huu. Ukitaka nyimbo zake zikiwa na besi, tafuta boksi la matamasha lililotoka 1993, lenye onyesho la Seattle la 1989. Humo Newsted anasikika, anaunguruma hasa. Nakala yangu ya 6,800 siiuzi. Jumapili iliyofuata mjomba alikuja na gitaa lake la besi begani, lile la kahawia lililobanduka rangi pale kidole gumba kinapoegemea. Akaniomba nirudishe sindano mwanzo wa Blackened, wimbo wa kwanza. Alikosea mara tatu, akaniambia nisizime. Mara ya nne aliingia pale penye shimo akakaa humo hadi wimbo ukaisha, na bilauri mezani zikawa zinagongana.