Walinirudisha nyumbani bila kunigusa: uzoefu wangu wa masaji baada ya damu kuganda mguuni

Siku ya kwanza nilifika saa nne asubuhi, nikajaza fomu, nikapimwa presha, kisha dada wa masaji akaweka kalamu mezani na kuniambia leo hatanichua. Nauli nilishatoa, mtoto nimemwacha kwa jirani, na shingo ilikuwa inaniuma mpaka kisogoni. Nilikasirika sana. Sasa unakaribia mwaka nakwenda palepale kila mwezi, na kilichonirudisha ni siku ile.

Nianze na mguu wenyewe. Nilijifungua kwa upasuaji hapa Dar, nikaenda Tanga kwa mama kukaa arobaini. Kulikuwa na bibi mmoja wa mtaani kwetu aliyekuja kila jioni kunikanda mgongo na miguu kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Tumbo hakuligusa kwa ajili ya kidonda. Siku ya kumi na moja shavu la mguu wa kushoto likaanza kukaza. Kufikia magharibi lilikuwa limevimba, linang'aa. Mama akasema ni misuli, bibi auchue mguu vizuri. Bibi akaweka kiganja kwenye mguu mmoja, akahamia mwingine, akarudi ule wa kwanza. "Huu una moto, mwenzake hauna. Mjukuu wangu, mimi siuchui. Nendeni hospitali."

Kipimo cha Dopla, kile cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita mishipani, kilionyesha bonge la damu kwenye mshipa wa ndani, kuanzia nyuma ya goti kupanda pajani. Daktari alinieleza kwamba mimba huifanya damu igande kwa urahisi, na hatari haiishi mtoto akishatoka: wiki 6 za mwanzo baada ya kujifungua ndizo za kuogopa zaidi, na upasuaji unaongeza. Bonge kama hilo ukilichua linaweza kung'oka, likaenda na damu mpaka moyoni, na moyo ukalisukuma kwenye mapafu. Mtu anaishiwa pumzi ghafla, kifua kinachoma akivuta hewa, mwingine anakohoa damu. Wapo wasiofika hospitali. Nilichomwa sindano za tumboni, kisha nikatumia warfarin kwa miezi 6 huku nanyonyesha. Watu huziita dawa za kuyeyusha damu, lakini kazi yake ni kuzuia bonge lisikue na jingine lisitokee. Kuliyeyusha lililopo ni kazi ya mwili wenyewe, na mwili una mwendo wake.

Mwezi wa nne wa dawa, mabega yalinishinda kwa kubeba mtoto. Nikaingia sehemu ya masaji karibu na kazini. Hakuna aliyeniuliza chochote zaidi ya mafuta gani napenda, na mimi sikusema. Alinikandamiza kwa kiwiko mgongoni, akashuka mpaka kwenye mashavu ya miguu yote miwili. Kesho yake nilipovua nguo mume wangu alishtuka: mabaka meusi mgongo mzima, moja kubwa kama kiganja. Kliniki walinipima INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, wakakuta 3.8, wakati mimi natakiwa niwe kati ya 2 na 3. Mtu wa warfarin akikandamizwa hivyo, damu huvujia chini ya ngozi. Na kwamba ule mguu ulichuliwa nami nimelala kimya, hilo bado linanitoa jasho.

Ndiyo maana nataka kuieleza hii sehemu ya sasa, iliyopo Sinza juu ya duka la dawa. Fomu yao inauliza presha, moyo, kisukari, ujauzito, kujifungua au upasuaji wa karibuni, safari ndefu ya kukaa, mguu mmoja uliovimba, na dawa zote unazomeza, vidonge vya uzazi wa mpango vikiwemo. Dada aliniomba nimwonyeshe kasha la dawa. Alipoona warfarin akaniambia, "Dada, mimi siwezi kuona ndani ya mshipa wako. Niletee karatasi ya daktari iseme nifanye nini na nisifanye nini." Hakunitoza hata senti.

Daktari alitaka nimalize dawa kwanza na kipimo kirudiwe. Nikarudi na barua baada ya wiki saba. Akaisoma yote mbele yangu, akaibandika kwenye faili. Mguu wa kushoto haugusi. Wa kulia anaupitisha kiganja bapa, taratibu, kutoka kifundoni kwenda juu, upande ambao damu ya veni, mishipa inayorudisha damu moyoni, inaelekea. Ninayo mishipa iliyojitokeza nyuma ya goti, hiyo anairuka. Shingo anaikanda nyuma na begani tu. Pale mbele, pembeni ya koo ambapo mapigo yanasikika, hapeleki kidole, kwa sababu kupabana kunaweza kushusha mapigo ya moyo mpaka mtu akazimia. Mkandamizo ni mwepesi kuliko nilivyozoea, na siku ya kwanza kukandwa niliona kama sijafanyiwa kitu. Usiku ule nililala bila kuamka kwa maumivu ya bega. Akimaliza hakuachii uinuke: unakaa ukingoni mwa kitanda dakika kadhaa, miguu inaning'inia, unapewa maji, maana presha hushuka na kizunguzungu kinaangusha watu, hasa wanaotumia dawa za presha.

Nimeshamshuhudia mzee mmoja akipimwa presha, ikasoma 184/116, juu mno. Wakamkalisha robo saa, wakapima tena, haikushuka, wakamwambia aende hospitali leo leo. Alibishana sana. Walimsindikiza hadi kwenye bajaji.

Mama alipokuja Dar nikampeleka. Yeye ana presha, anatumia amlodipine, na vifundo vyake vyote viwili vilikuwa vimejaa. Dada alibonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Akamwambia mama kwamba dawa hiyo yenyewe inaweza kuvimbisha miguu, lakini moyo au figo pia, kwa hiyo aulize kwanza. Siku ile alimkanda mikono na mabega tu. Hospitali walimbadilishia dawa na miguu ikapungua.

Kasoro zipo. Saa moja ni shilingi 70,000, na si kila mtu anayo. Fomu ni ya Kiingereza tupu. Mama alisomewa kwa Kiswahili pale mapokezi, watu wamekaa, akaulizwa magonjwa yake kwa sauti. Mama yangu alidanganya kuhusu kisukari kwa ajili ya aibu, akanikiri kwenye daladala. Fomu inayotegemewa kuokoa mtu lazima isomeke na mtu huyo, na ajibu faraghani. Tena mashine yao ya presha ina mkanda wa saizi moja. Mkono wa mama ni mnene, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ilivyo. Nimewaambia yote mawili. Mkanda mkubwa nimeukuta mwezi uliopita. Fomu ya Kiswahili bado.

Ukienda, piga simu kabla, beba makasha ya dawa zako na barua ya kliniki, na kama mguu mmoja umevimba au una joto kuliko mwenzake, usiende kwao kwanza. Nenda ukapime.