Shokapu Mpya au Fundi wa Vali? Pima Pikipiki Yako ya Porini Kabla ya Kutoa Pesa

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Hapa mezani tuna shokapu ya nyuma na miguu miwili ya foku. Swali la leo wanaliuliza wengi wenye pikipiki za porini: ninunue sasipensheni mpya, au hii niliyo nayo niipeleke kwa fundi aifungue na kuipanga upya? Tutatumia mifano miwili, Honda CRF300L na KTM za familia ya EXC, kwa sababu majibu yake hayafanani.

Jibu letu tunalitoa mapema. Wengi wanaodhani wanahitaji kazi ya vali, yaani kupanga upya njia za mafuta ndani ya foku na shokapu, wanahitaji springi, na wengi wanaodhani wanahitaji springi wanahitaji mafuta mapya, sili na grisi. Kwa hiyo tuanzie kwenye vitu vya bei ndogo.

Upepo wa tairi kwanza. Ukiingia kwenye mawe na psi 28 za barabarani, mikono itauma hata foku iwe ya bei gani. Porini psi 12 hadi 15 ndiyo kawaida, mradi rimu ina kibano cha kushikilia tairi. Bila hicho kibano tairi huteleza kwenye rimu na kung'oa shina la vali ya tyubu.

Kisha angalia ekseli ya mbele. Kosa tunaloliona sana ni kukaza bolti ndogo za chini ya foku kabla miguu haijakaa sambamba. Foku inabanwa, inakuwa nzito kushuka, halafu lawama zinakwenda kwa springi. Kaza ekseli, shika breki ya mbele, bonyeza foku mara 4 au 5 kwa nguvu, ndipo ukaze bolti hizo. Na ukiwa umeinua gurudumu, fungua skrubu za hewa zilizo juu ya foku, hewa iliyojikusanya itoke.

Nyuma, toa bolti moja ya shokapu, inua mkono wa gurudumu kwa kiganja. Unatakiwa kupanda na kushuka laini bila kukwama. Kwenye CRF300L kuna linki chini ya shokapu, na beringi zake hukaa pale ambapo matope na maji ya kuoshea hupita. Zikikauka, shokapu nzuri itaonekana mbovu. EXC zenye shokapu iliyofungwa moja kwa moja kwenye mkono hazina linki, kwa hiyo hapo unakagua beringi za mkono na zile za ncha za shokapu.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe, cha pikipiki inazama kiasi gani, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea.

Inua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoweka juu yake kwenye madigadi. Tuseme ni milimita 620. Ishushe, isimame kwa uzito wake tu, pima tena: 585. Hapo imezama 35. Sasa mwendeshaji apande amevaa helmeti, buti, begi la maji, kila anachoendesha nacho. Pima: 510. Imezama 110. Kwa EXC, ambayo gurudumu la nyuma lina safari, yaani umbali wa kupanda na kushuka, ya takriban milimita 310, namba hizo ni nzuri. Kanuni ya kushika ni theluthi moja ya safari mwendeshaji akiwa juu. CRF300L ina safari ya milimita 260 mbele na nyuma, kwa hiyo kwake lenga kama 85.

Ukizama zaidi ya hapo, kaza ringi iliyo juu ya springi. Osha nyuzi zake kwanza, usipige ringi kwa patasi. Halafu rudia kupima ile namba ya pikipiki peke yake. Ndiyo namba ambayo watu huisoma kinyume.

Chukua mwendeshaji wa kilo 95. Amekaza ringi mpaka kipimo chake kimefika 110, lakini akishuka, pikipiki inazama milimita 15 tu. Atakwambia springi ni ngumu mno. Hapana, springi ni laini mno. Kukaza ringi hakubadilishi ugumu wa springi, kunainua tu mahali pikipiki inaposimama. Amelazimika kuibana sana ili imbebe, na ndiyo maana isipobeba mtu inaisukuma pikipiki juu hadi karibu na mwisho. Mwendeshaji mwepesi huona kinyume chake: akiwa juu kipimo ni sawa, akishuka pikipiki inazama 45 au 50. Huyo springi yake ni ngumu kwa uzito wake.

Mwongozo wa KTM EXC huweka springi za kiwandani kwa mtu wa kilo 75 hadi 85. Ukiwa nje ya hapo, nunua springi kabla ya kitu kingine chochote, na ununue za mbele na nyuma pamoja. Ukigusa nyuma tu, pikipiki inainama mbele na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye mwendo.

Mbele, funga kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye bomba la foku, endesha njia yako ya kawaida, kisha angalia imesukumwa hadi wapi. Ikifika mwisho mara moja kwenye pigo kubwa kuliko yote, vizuri. Ikifika mwisho kwenye kila shimo, springi ni laini au mafuta yamepungua. Hapa kuna tabia moja tunaipinga waziwazi: kumimina oili nzito ya injini ili foku "iwe ngumu". Oili nzito inachelewesha pia foku kurudi. Ukipita matuta 5 mfululizo, inashuka kila tuta bila kupanda, na la tano unalipiga ikiwa imeisha safari. Tumia mafuta ya foku ya uzito uliotajwa kwenye mwongozo. Ukitaka ugumu mwishoni mwa safari, ongeza mililita 5 hadi 10 kila mguu, kisha ujaribu tena. Mafuta yakiongezeka, nafasi ya hewa inapungua, na ugumu unakuja mwishoni, siyo mwanzoni.

Skrubu za kurekebisha. Kwenye foku za EXC za aina ya XPLOR, mguu wa kushoto unashika kubonyea na wa kulia unashika kurudi. Funga taratibu mpaka mwisho ukihesabu mibofyo, usilazimishe, andika namba, kisha badilisha mibofyo 2 kwa wakati na upande mmoja tu. Ikiwa umefungua yote na bado mawe yanakugonga mikononi, au umefunga yote na bado inazama kama godoro, skrubu zimefika kikomo. Hapo ndipo fundi wa vali anapostahili pesa yako. Atabadilisha mpangilio wa shimu, yaani vile visahani vyembamba vinavyozuia mafuta. Kwa maoni yetu, anayefaidika zaidi na kazi hii ni mtu wa mwendo wa kawaida anayepita mawe na mizizi, kuliko mshindani, maana vali za kiwandani mara nyingi ni kali kwake.

CRF300L ni habari nyingine. Ni pikipiki nzuri, lakini kwenye sasipensheni yake una rekebisho moja tu, ringi ya springi ya nyuma. Hakuna skrubu ya mafuta mbele wala nyuma, na ilitoka kiwandani laini kwa ajili ya starehe. Ukiwa na kilo 65 na unaenda shambani, iache. Ukiwa na kilo 85 na mizigo, springi za mbele pamoja na shokapu kamili ya nyuma yenye springi ya uzito wako, kutoka kwa watengenezaji kama Öhlins au YSS, zina maana kuliko kulipia ufundi mkubwa kwenye shokapu ya asili. Hapo tunasema nunua. Kwa EXC tunasema springi, huduma, kisha vali, na vifaa vya bei ya juu vya WP, watengenezaji wa sasipensheni za KTM, viwe vya anayeshindana.

Ukimpelekea fundi shokapu, uliza kwanza kama ana naitrojeni. Ndani ya hifadhi yake kuna gesi hiyo, mara nyingi karibu na bar 10. Upepo wa kompresa una unyevu, na unyevu unaleta kutu na presha isiyotulia joto likipanda. Gesi itolewe kabla ya kufungua chochote. Mpe uzito wako ukiwa umevaa, aina ya njia, na vipimo vyako viwili vya kuzama. Naye akurudishie springi za zamani na karatasi yenye namba za springi mpya, kimo cha mafuta, na mpangilio wa shimu, wa zamani na wa sasa.