TAHADHARI: Kaka wa bahasha za kaki anayewinda watu nje ya ofisi ya vitambulisho

Nimepigwa 105,000. Naitaja mapema ili mtu asije kuuliza huko chini "kwani shilingi ngapi". Nimeitoa kwa mkono wangu, kwa namba yangu ya siri, huku namwambia mtu asante kaka angu Mungu akubariki. Baba watoto humu hayupo, na wifi zangu mliomo naomba mnifichie mpaka mwisho wa mwezi.

Pochi ilipotea kwenye daladala na kitambulisho changu cha taifa ndani, hilo nililisema siku ileile. Habari ya friza na ule mkopo wa benki niliokuwa naufuatilia pia mnaijua, kwa hiyo mnaelewa kwa nini nilikuwa na haraka. Sirudii.

Jumanne asubuhi nikafika ofisi ya wilaya ya NIDA, ile mamlaka ya vitambulisho vya taifa, saa mbili kasoro. Ripoti ya polisi ya upotevu nilikuwa nayo tayari, binti yangu alinijazia mtandaoni, ila ilikuwa kwenye simu tu. Mlinzi akaniambia kwa upole kabisa, mama, kachapishe kwanza kwenye karatasi. Nikavuka barabara, nikaingia steshenari ya kwanza niliyoiona, ile yenye mashine ya fotokopi mlangoni na pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti. Kijana wa pale akasema nitumie kwa WhatsApp. Nikamtumia. Akachapisha, 500. Akasema subiri kidogo dada chenji inakuja, na kweli chenji ikachelewa dakika kumi nzima. Nimekaa kwenye benchi, yeye anabonyeza simu yake.

Hapo ndipo akaingia. Shati jeupe limepigwa pasi, kamba ya bluu shingoni, kitambulisho kimegeukia ndani, kwapani amebana bahasha za kaki kama nane hivi. Akasimama mbele yangu akasema, "Shikamoo." Jamani, yule mtu ni rika langu! Lakini shikamoo ina nguvu yake, nikaitikia marahaba, na ukishaitikia marahaba umeshakuwa mama wa mtu. Akaniita kwa majina yangu yote matatu. Akanitajia tarakimu nne za mwisho za namba yangu ya NIDA. Akasema, "Nimeliona jina lako kwenye mfumo, kitambulisho chako cha zamani kina tatizo la usajili, ukipanga foleni utarudishwa."

Sasa ninyi mnaojifanya wajanja niambieni. Mtu hujawahi kumuona, anakuja anakutajia majina matatu na namba yako, wewe ungemchukulia nani? Mimi nilimchukulia mtu wa serikali. Wakati huohuo akaingia mama mmoja mtu mzima, kajitanda kanga, mkononi ana kitambulisho kipya kinang'aa, anamwambia "mwanangu Mungu akuzidishie, mwezi mzima nilihangaika, wewe siku nne tu". Akataka kumpa noti ya elfu tano. Kaka akaikataa! Akamwambia, "Hapana mama, sisi hatupokei rushwa." Mbele ya macho yangu. Leo najua yule mama ni wa kwao, na kile kitambulisho sijui kimepeperushwa mbele ya wajinga wangapi kabla yangu. Ila siku ile roho yangu ilitulia pale pale kwenye ile elfu tano iliyokataliwa.

Akanifanyia hesabu nyuma ya bahasha kwa peni. 20,000 ya serikali. 45,000 ya "uharaka". Jumla 65,000. Ile 20,000 nilikuwa naijua, ndiyo ada ya kweli ya raia aliyepoteza, na kwa sababu hiyo ya kweli nikaimeza na ile ya uongo. Nikamuuliza namba ya malipo iko wapi, kwa sababu mimi si mgeni, nimeshalipia leseni ya biashara. Akasema mtandao wa malipo umegoma tangu asubuhi, akanipa namba nyingine. Nikaiandika kwenye simu. Likatokea jina la mwanamume, majina mawili, si la ofisi wala la mamlaka yoyote.

Nililiona hilo jina. Nataka niseme ukweli wote. Nililiona, nikainua macho, nikamuuliza huyu nani, akajibu bila hata kupepesa, "Mhasibu wetu." Na mimi mwenye akili zangu timamu, ninayewapigia kelele wateja wangu kila siku kwamba angalieni jina kabla ya kutuma, nikaweka namba ya siri. Ujumbe ukaingia. Salio limebaki 3,200.

Kisha akatoa kifaa kidogo cha alama za vidole, akakiunganisha na simu. "Weka kidole gumba mama tuhakiki." Nikaweka. "Haijasoma." Vidole vyangu mnavijua, miaka kumi na moja ya kukanda unga, kwa hiyo sikushangaa. Akanifuta na kitambaa. Nikaweka tena. "Haijasoma, kina mafuta." Nikaweka mara ya tatu. "Sasa imekubali." Niliona hata aibu kumsumbua. Kumbe kila nilipoweka ilikuwa inasoma vizuri sana.

Baada ya siku mbili yule kaka akapiga simu. Kuna faini ya kutotunza nyaraka ya serikali, 30,000, isipolipwa leo jalada linafungwa. Nikakopa kwa jirani, nikatuma kwa mhasibu yuleyule. Kabla hajakata akauliza, "Mama tarehe yako ya kuzaliwa ni kumi na nne ya ngapi vile?" Nikamjibu. Kulikuwa na kelele za bodaboda. Hili swali lishikeni, nitalirudia.

Jumatatu bodaboda akaleta bahasha ya kaki, muhuri juu, na akadai 10,000 ya usafiri. Ndani kitambulisho. Picha yangu (kumbe ile niliyopigwa palepale steshenari, na ushungi uleule), jina langu, namba yangu. Nilikibusu. Ndiyo, nilikibusu, chekeni.

Jumatano nikaenda benki. Foleni nyuma yangu watu kama kumi na tano. Dada wa dirishani akakichukua, akakigeuza, akakikunja kidogo kwa vidole viwili, akakiweka chini. Akaniuliza, "Mama, umezaliwa mwezi wa nne au wa tano?" Nikasema wa tano. Akasema hapa pameandikwa wa nne, lakini namba yako inasema wa tano. Akanionesha kwa kalamu: zile tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Namba nzima ina tarakimu 20 na mimi miaka yote hii sikuwahi kuona kwamba inaanza na mimi mwenyewe. Namba yangu walikuwa nayo sahihi, waliitoa kwenye ripoti yangu ya polisi. Tarehe ndiyo walinisikia vibaya kwa sababu ya bodaboda.

Na sasa lile swali. Mtu wa NIDA wa kweli, mwenye namba yako mkononi, anakuulizaje umezaliwa lini? Imeandikwa pale! Tapeli mwenyewe hajui kusoma namba anayoichezea!

"Hiki umekipata wapi mama?" Watu kumi na tano kimya. Mzee mmoja nyuma akaguna ile guna ya mmh. Nikasema nimekipata ofisini. Nilidanganya mbele ya dirisha la benki kwa sababu sikuweza kusema steshenari. Halafu dada wa watu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa mkopo wangu ule kadi haikuwa lazima, namba tu na kidole kwenye mashine yao vingetosha. Hapo ndipo machozi yalitoka, si kwa sababu ya hela.

Jioni mwanangu akaniambia mama piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako. Mimi nina laini mbili. Zilitokea tano. Haijasoma, haijasoma, imekubali: tatu. Laini tatu kwa jina langu ziko mikononi mwa watu nisiowajua, na huenda sasa hivi kuna mtu Singida anasoma ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwa namba hii", na namba yenyewe ina jina langu. Nimeshazipeleka zifungwe kwenye maduka ya mitandao, nimeandika maelezo polisi na RB, ile namba ya taarifa yangu polisi, ninayo.

Nataka akamatwe. Nataka akamatwe na zile bahasha zake, apandishwe kizimbani na lile shati jeupe. Na yule kijana wa fotokopi naye, kwa sababu ndiye aliyeuza karatasi yangu huku ameniweka kwenye benchi nisubiri chenji ya 500! Na yule mama wa kanga, hana hata haya na umri ule. Wafungwe wote chumba kimoja, na kila asubuhi waulizwe umezaliwa mwezi wa ngapi. Mnaosema nimsamehe, rudisheni ninyi ile 105,000 kwanza halafu tuzungumze habari za kusamehe.

Dalili mnazoniuliza, basi: ni nje ya geti, si ndani. Namba ya malipo ya serikali ina tarakimu 12 na inaanza na 99, yeye alinipa namba ya simu ya tarakimu kumi. Jina la mtu binafsi likitokea, futa. Kidole chako usikiweke kwenye kifaa cha mtu aliyesimama barabarani, hata akikupa shikamoo mbili. Ukishachapisha ripoti yako mwambie wa steshenari aifute mbele yako, au ichapishe mtaa mwingine kabisa mbali na ofisi. Ujumbe wa kitapeli unapelekwa 15040. Mengine nikikumbuka nitaongeza, kichwa kinauma.

Alhamisi nilirudi ofisini kwenyewe, ndani, kwenye foleni. Wakanijazia fomu, wakanipa namba ya malipo, 99 kama ilivyo, nikalipa 20,000 na jina likatokea la mamlaka. Dakika arobaini. Mlinzi aliniangalia akasema, mama wewe si ulikuja wiki ile?

Ile namba ya kaka bado inapatikana. Jana usiku nimempigia kwa laini ya mwanangu, sikusema neno, nilitaka tu kuisikia sauti yake. Akasema, "Shikamoo mama. Umepoteza nini?"