Hamali ulingoni: miezi saba katika banda la ndondi la Majengo

Mimi ni hamali wa soko la Kongowea, Mombasa, mwaka wa kumi na moja huu. Gunia la mahindi la kilo 90 nalipokea begani kutoka kwenye lori nikashuka nalo ubaoni bila kushika kitu. Mwenyewe nina kilo 96. Nayatanguliza haya mjue nilikwenda Majengo na kiburi cha namna gani.

Ukumbi hauna bango. Ukishuka matatu ulizia "kwa mwalimu wa ngumi", hata muuza viazi karai atakuonyesha. Ni banda la mabati, ulingo mmoja wenye kamba zilizolegea, mabegi manne ya kupigia, na ukutani picha mbili za gazeti: Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, na George Foreman akianguka mbele ya Muhammad Ali, Kinshasa, 1974. Ada ni shilingi 1,500 kwa mwezi, au mia ukija siku moja moja.

Wiki ya tatu mwalimu akanipandisha na mwanafunzi mmoja wa Tudor, kilo 54, mikono kama miko ya ugali. "Shikamoo ami," akaniambia, nami nikaona haya kumpiga. Haya zenyewe hazikudumu. Nilirusha konde la kulia likapita juu ya kichwa chake. La pili likapita. La tatu nikatia nguvu zote, nikazunguka mwenyewe mpaka nikashika kamba. Na kila nikikosa, napokea jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele. Haikuwa nzito, lakini pua ni ile ile, pua ni ile ile. Dakika ya pili mabega yakawaka moto, glavu zikawa ndoo za maji. Dakika tatu hazijaisha niko goti chini, na konde la maana sijapigwa hata moja. Pumzi imekwisha tu.

"Pole ami, uko salama?" Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwalimu akaniketisha juu ya ndoo. "Ukinyanyua gunia unavuta pumzi ngapi?" Moja, nikamwambia, unaifunga kifuani, ukitua mzigo ndipo unaiachia. "Basi ndivyo ulivyokuwa ukipigana, baba. Umefunga pumzi, umekaza ngumi, umepandisha mabega, na hapa hakuna pa kutua mzigo."

Sikuwa na jibu, maana jambo lenyewe nalijua. Kongowea kila msimu huja kijana mwenye kifua cha kunyanyua vyuma, analivamia gunia kwa mikono, saa nne asubuhi kiuno kimekufa. Anapitwa na mzee mwembamba wa miaka sitini, sigara mdomoni, gunia begani. Mzigo hubebwa na nyonga na miguu. Konde nalo ni hivyo hivyo: huanzia kisigino cha nyuma, likapanda nyongani, mkono kazi yake ni kulifikisha tu. Miaka kumi na moja nalifanya kila alfajiri, na ulingoni nilikuwa nimelisahau lote.

Miezi miwili hakuniruhusu nipige kwa nguvu. Aliniwekea ndimu chini ya kidevu, nirushe ngumi hewani nayo isidondoke. Ikidondoka, pushapu ishirini. Kila ngumi utoe pumzi kwa meno, "sss", kama mtu anayefukuza kuku kwa adabu. Kisha kuruka kamba: raundi za dakika tatu, mapumziko dakika moja, mpaka mashavu ya miguu yanakataa ngazi za nyumbani. Ualimu wake sina la kuutoa kasoro.

Ila tunabishana: yeye husema nguvu si kitu. Kila mgeni husimuliwa habari ya picha ile: Foreman, miaka 25, mapigano 40 hajashindwa, 37 kwa nokauti, Ali, miaka 32, akaegemea kamba akamwacha arushe mpaka achoke, raundi ya 8 akamwangusha. Sawa. Lakini Foreman huyo huyo, mwaka 1994, ana miaka 45, alikuwa nyuma kwa pointi mbele ya Michael Moorer wa miaka 26, akapeleka mkono mmoja wa kulia raundi ya 10, ubingwa ukarudi. Nilipomwambia hayo mwalimu alikohoa. Tena kama nguvu si kitu, mbona bondia hupandishwa mizani kwanza? Mwezi wa sita nilishajua kumkatia njia yule kijana wangu na kumsukumia pembeni. Nikamgusa mbavu, nusu ya nguvu wallahi, akaomba maji. Mwalimu hakusema neno, akaenda kufunga dirisha.

Sasa malalamiko. Glavu za ukumbi huvaliwa na watu kumi kwa jioni moja na hazikauki. Harufu yake hutoka nayo mpaka kitandani. Begi la pembeni matambara yamezama chini yakawa jiwe, limenitegua kifundo cha mkono wiki mbili, na wiki mbili za hamali bila mkono ni njaa. Kofia za kinga ni mbili, hakuna inayonienea. Sanduku la huduma ya kwanza sijaliona. Na kumpandisha mtu wa wiki tatu ulingoni, tena tofauti ya kilo 42, ni kosa hata kama aliyeaibika ni mkubwa. Je, ngumi yangu moja ingefika?

Mazoezi yanatangazwa saa kumi jioni, huanza kumi na nusu, husimama kwa Magharibi. Mwezi wa Machi mabati yale ni tanuri la mofa, na maji ya kunywa uje nayo. Nunua bendeji zako na glavu zako, aunsi 16 kama una mwili kama wangu. Na usile mchana mzito. Mimi siku ya kwanza nilikwenda na wali wa nazi na samaki wa kupaka tumboni. Ndoo iko kushoto, ukiingia mlangoni.