Krimu, Beji au Kijivu: Kuchagua Rangi Tulivu ya Chumba

Rangi tulivu za ukutani hufanana mno zinapotazamwa kwenye kadi ya dukani, na wanunuzi wengi huishia kuchagua kwa jina zuri lililoandikwa chini ya kipande badala ya kuchunguza rangi iliyojificha ndani yake. Weka karatasi nyeupe tupu kando ya kila kipande, nawe utaona kijivu kimoja kikielekea buluu, kingine kijani au zambarau, na krimu ikifichua kama ina umanjano au uwaridi.

Nafasi ya kwanza naipa rangi ya kijivu iliyochanganywa na hudhurungi, kwa kuwa hupatana na samani za mbao na za chuma vilevile. Ya pili ni nyeupe ya maziwa, ambayo huakisi mwanga mwingi kuliko nyingine zote hapa, ingawa haifichi alama hata moja ya mikono. Beji ni ya tatu: haina ubaya, ila ikiwa na uwaridi mwingi hugombana na vigae vya kijivu. Kijivu baridi, yaani kinachoelekea buluu, nakiweka mwisho, maana katika chumba kisichoingiwa na jua moja kwa moja huweza kuonekana samawati kabisa.

Baadhi ya kadi huonyesha kiwango cha kuakisi mwanga, kutoka 0 hadi 100. Rangi iliyo chini ya 50 hunyonya mwanga mwingi kuliko inaourudisha, kwa hiyo haikifai chumba chenye giza ikiwa lengo ni kukiangaza.

Jaribio lenyewe la rangi lisifanywe juu ya ukuta wa zamani, kwani rangi inayozunguka kiraka hulidanganya jicho. Paka kadibodi kubwa mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, iache ikauke, kisha isimamishe karibu na sakafu na pembeni mwa dirisha, asubuhi, alasiri na usiku kwa taa za chumba hichohicho. Balbu ya Kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga) huongeza umanjano, ilhali ya 6,500 huleta ubuluu. Wengi hubadilisha rangi wakati balbu ndiyo iliyostahili kubadilishwa. Kuta nne zinapoakisiana rangi hukolea, hivyo zikibaki mbili unazozipenda sawasawa, chukua iliyo nyepesi zaidi.

Nunua makopo yote kwa mara moja, yenye namba ileile ya mchanganyiko, na umwambie fundi ayachanganye katika ndoo kubwa kabla ya kuanza kupaka.