Cemetery Boys: nilikisomea Kibosho, hatua chache kutoka kaburi la bibi

Rafiki yangu wa Arusha alinitumia kitabu hiki kwa basi, kimefunikwa karatasi ya kaki kama daftari la shule. Karatasi sikuitoa. Kwenye Hiace ya Moshi kwenda Kibosho mnabanana mpaka jirani anasoma ukurasa pamoja na wewe, na riwaya yenyewe inahusu wavulana wawili wanaopendana. Huku kwetu hilo si jambo la kusomea hadharani.

Kimeandikwa na Aiden Thomas, kikatoka mwaka 2020. Yadriel anaishi na familia yake ndani ya eneo la makaburi, Los Angeles. Katika jamii yao wanawake huponya, wanaume huziachilia roho zilizokwama duniani. Alipozaliwa aliitwa msichana, lakini yeye anajijua ni mvulana, na wazee wanamnyima sherehe ya kupokea nguvu za wanaume. Anaifanya mwenyewe usiku, kwa siri, binamu yake Maritza akiwa pembeni. Baadaye, akimtafuta binamu mwingine aliyekufa ghafla, anaita roho na anatokea Julian, mvulana wa shuleni kwao, mbishi kupindukia, anayegoma kuondoka mpaka ajue marafiki zake wako salama.

Maritza nilimpenda sana. Ana kipawa cha kuponya, ila hataki kabisa kutumia damu ya mnyama, basi kipawa kinakaa bure na yeye hayumbi.

Jioni moja nilianza kumsimulia mdogo wangu hadithi hii jikoni, kwa Kiswahili, nikakwama. Kwenye Kiingereza ndugu wanateleza, wanamtaja Yadriel kwa neno la kike, na kila mara linamchoma. Sisi tunasema "amekuja", "amekula", hakuna pa kuteleza. Hata neno brujx, jina la jamii yao, ambalo mwandishi analitumia ili wake kwa waume waingie, kwetu "mganga" linatosha. Nikadhani maumivu yatapotea. Hayakupotea, yalihamia kwenye "binti yangu" na "dada". Baba mtu akisema "binti yangu" kwa upendo kabisa, ndipo mdogo wangu aliacha kumenya ndizi akaniangalia.

Kilichoniliza ni habari ya wafu wao. Hadithi inaelekea Día de Muertos, tarehe 1 na 2 Novemba, wafu wanaporudi kuwaona watu wao, na Yadriel anamsubiri mama yake aliyefariki. Sisi Wakatoliki wa huku tarehe 2 Novemba tunawaombea marehemu wote. Bibi yangu amelala kihambani, shamba la ukoo, katikati ya migomba, mmea wa isale umepandwa kichwani pake. Ukimkosea mtu Uchagani unampelekea jani la isale, naye hukupokea. Nilisoma sura za mwisho nimekaa pale, nikawaza mtoto ambaye watu wake walio hai wanasita kumpokea, huku Bibi Kifo, mlinzi wa ukoo wao, amempa nguvu usiku ule wa kwanza bila kumuuliza swali.

Kasoro zipo. Mtu mbaya wa hadithi nilimshuku mapema mno, na mwisho unakimbia, mambo makubwa yanamalizwa kwa kurasa chache wakati katikati tulitembea taratibu. Kihispania ni kingi pia, ingawa ukiendelea kusoma kinaeleweka. Mapenzi yenyewe yameandikwa kwa upole, zaidi ni kutazamana, kugombana na kucheka usiku, na kijana wa sekondari anaweza kusoma.

Kwa sasa kitabu kiko kwa mdogo wangu, bado na kaki yake. Jana saa sita usiku aliniandikia: "Julian asipopona sikurudishii."